Kutengenezewa titi baada ya saratani: kwa mama wa kijijini anayeishi kwa jembe, ni nafuu au mzigo mpya?

#1 Mngoni wa Mbinga

Wakuu, habari za jioni.

Dada yangu mkubwa alikatwa titi la kushoto mwaka juzi kwa sababu ya saratani. Akamaliza dripu, akaenda Dar kupigwa mionzi, sasa yuko kwenye vidonge vya tamoksifeni na anaendelea vizuri. Ni mkulima wa kahawa na mahindi huku Mbinga vijijini, ana mume na watoto watatu. Kliniki iliyopita daktari akamwambia anaweza kutengenezewa titi jingine kwa nyama na msuli wa mgongoni mwake mwenyewe.

Nyumbani tumegawanyika. Shemeji anasema yeye hajalalamika, kwa hiyo hamna haja. Mama anasema aliyelala usimwamshe. Mabinti zake wanamsukuma afanye. Mwenyewe ana swali moja tu: "Nikifanya, jembe nitashika?"

Dai langu ni hili. Kila ninayemsoma akisifia upasuaji huu ni mtu wa mjini: mwigizaji, mtangazaji, mfanyakazi wa ofisini. Sijaona anapoulizwa mama anayechota maji bondeni. Naamini kwa mwanamke wa kijijini unaongeza matatizo kuliko unavyopunguza. Anayepinga aje na mfano wa mtu anayemjua, siyo picha za Ulaya.

#2 Kichwa Maji

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Wajuzi waje.

#3 dr_wa_zamu

Pole kwa dada, mtoa mada.

Kuna njia kuu mbili. Moja ni kuweka kifuko cha silikoni. Ya pili ni kuhamisha nyama yako mwenyewe, ama kutoka mgongoni (ule msuli mpana unaoshuka kutoka kwapani kwenda kiunoni) ama kutoka tumboni chini ya kitovu. Kwa mtu aliyekwisha kupigwa mionzi, silikoni peke yake ina shida zaidi. Ngozi imekakamaa haivutiki vizuri, na mwili hukizungushia kile kifuko kovu gumu linalokibana mpaka titi linauma. Ndiyo maana daktari wake kakimbilia mgongo.

Kuhusu jembe: msuli ule kazi yake ni kuvuta mkono kutoka juu kuja chini na nyuma. Ukihamishwa, misuli jirani huchukua sehemu kubwa ya kazi hiyo na wengi hurudi kwenye shughuli zao baada ya miezi kadhaa. Wanaobaki na malalamiko husema wanachoka wakipanda ngazi ya kuegemeza, wakiogelea, au wakijiinua kwa mikono kutoka kwenye kiti.

#4 Jembe Halimtupi Mtu

Kuogelea? 😂 Dokta, nani anaogelea Mbinga?

Hebu soma tena ulichoandika. "Kutoka juu kuja chini na nyuma." Hiyo ndiyo kulima yenyewe! Na kutwanga, na kupasua kuni. Umemjibu dada wa watu bila kukusudia.

#5 dr_wa_zamu

@Jembe Halimtupi Mtu nimecheka. Lakini sikusema mkono unapooza. Nimesema nguvu ya kuvuta hupungua, kwa wengine kidogo, kwa wengine zaidi, na mazoezi yanasaidia sana. Shida ni kwamba mazoezi yenyewe yanahitaji mtu wa fiziotherapia, na huyo wilayani humpati kirahisi.

#6 Mama Kishumundu

Mimi ni mhusika kwa hiyo naomba nisikilizwe. Nilikatwa la kulia, sijatengenezewa, na sikuwahi kuambiwa kama kuna kitu kama hicho. Nimekuja kusikia redioni miaka imepita.

Mnajua watu mnadhani habari ni urembo. Acheni niwaambie habari ni nini. Ukiwa na ziwa moja kubwa kama langu, sidiria haikai. Ukiinama kukata majani ya ng'ombe, upande mtupu unapanda mpaka shingoni. Ukisimama unaivuta chini mbele za watu. Nikaanza kujaza soksi. Soksi ni nyepesi, inapanda vilevile. Sponji ya godoro nayo ni hivyo hivyo, na joto lake wacha. Nikashona kifuko cha kitambaa nikajaza ulezi, hapo ndipo nikapata uzito. Kilikaa vizuri mno. Bega na shingo vilivyokuwa vinauma upande mmoja vikatulia.

Basi msimu wa masika mvua ikaninyeshea shambani siku mbili mfululizo, na kile kifuko nikakisahau kwenye kamba ya nguo. Nakuja kukichukua, ulezi umeota 😂😂 Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka. Ndiyo siku ya kwanza tulicheka kuhusu lile jambo ndani ya nyumba ile.

Kwa hiyo mtoa mada, usiseme "mzigo mpya" kana kwamba sasa hivi hana mzigo.

#7 Kichwa Maji

Mama Kishumundu mitano tena. Ulezi wa pombe ya mbege kifuani 🙌

#8 Mama Kishumundu

@Kichwa Maji mbege haiwi hivyo mwanangu, kasome.

#9 Kaunda Suti

Tusidanganyane. Huu upasuaji wameuleta Wamarekani miaka ya tisini kwa ajili ya waigizaji wao na biashara ya silikoni. Angelina Jolie alipoandika habari zake mwaka 2013 kila mtu akaona ni kawaida. Sisi tunaiga. Bibi zetu waliishi bila haya mambo.

#10 Mzee wa Maktaba

Kaunda Suti, taratibu. Mwaka 1895 huko Heidelberg, Ujerumani, daktari Vincenz Czerny alichukua uvimbe wa mafuta kutoka mgongoni mwa mgonjwa akajazia titi alilokuwa amemtoa. Ule msuli wa mgongoni anaoambiwa dada wa mtoa mada, Mwitalia Iginio Tansini aliutumia kuziba kidonda cha titi na kuueleza mwaka 1906. Kifuko cha silikoni ndicho kilichokuja baadaye, 1962, Houston. Aliyechelewesha mambo ni William Halsted wa Marekani, ambaye upasuaji wake wa kukomba titi, misuli ya kifua na kwapa ulitawala kwa miongo mingi, naye hakutaka kusikia habari ya kuziba pale kwa nyama nyingine. Aliona utaficha saratani ikirudi.

Na hilo la "bibi zetu waliishi", wapi? Bibi zetu wengi waliokuwa nayo walikufa nayo.

Nyongeza kidogo, maana nyumbani tunasahau vya kwetu. Amref, lile shirika la afya, mnaifahamu? Mwaka 1957 ilianzishwa kama Madaktari Warukao wa Afrika Mashariki na Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Wote watatu walikuwa mabingwa wa upasuaji rekebishi. McIndoe ndiye aliyekuwa akiwatengeneza nyuso marubani walioungua vita ya pili. Wazo lenyewe lilizaliwa Tanganyika, miteremko ya Kilimanjaro alikokuwa na shamba Wood. Maana yake watu waliona tangu zamani kwamba upasuaji wa namna hii unahitajika kijijini, kwa walioungua, walioraruliwa na wanyama, waliozaliwa na midomo iliyopasuka.

#11 Kaunda Suti

Mzee, kuungua uso na kukosa titi si kitu kimoja. Uso unaonekana.

#12 Mama Kishumundu

Njoo ukae nami harusini ukiwa umevaa kitenge cha kubana halafu useme hakionekani.

#13 Wa Gachie

Poleni wote, hapa ni Kiambu. Huku Thika kuna kina mama waliougua wenyewe ambao wanafuma matiti kwa uzi, wanajaza pamba ya nyuzi, unaweka ndani ya sidiria yenye mfuko. Yanafuliwa na kuanikwa, hayaoti ulezi 😄 Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na yale ya silikoni ya kuvaa yanayouzwa madukani, ambayo yanapita elfu ishirini za Kenya. Nyanyangu anayo. Anaenda nayo kuchuma chai.

Kuhusu kutengenezewa kabisa, SHA, bima ya afya ya serikali huku Kenya, ilipoanza Oktoba 2024 kifurushi cha saratani kilikuwa shilingi 550,000 kwa familia kwa mwaka. Kemo na mionzi zikishapita hapo, nani atabakisha ya kutengeneza titi? Kwa hiyo mimi nasema tatizo ni pesa, full stop.

#14 Mbeba Boksi

Wa Gachie, niko Ohio, nafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, na ninakupinga kidogo. Hapa kuna sheria ya tangu 1998: bima ikilipia kukatwa titi, lazima ilipie na kulitengeneza, na hata lile jingine kulisawazisha. Pesa kwa wengi imeshaondolewa njiani. Bado tafiti zinarudia jambo lilelile, kwamba wanawake wa mashambani, kama huko milima ya Appalachia, wanatengenezewa wachache kuliko wa mjini. Kwa nini? Daktari wa upasuaji rekebishi yuko mjini. Kazi yenyewe si ya siku moja: kuna mrija wa kutoa maji kifuani unaohitaji kuangaliwa, kuna kurudi kurekebisha, kuna chuchu baadaye. Mteja wangu mmoja, mfugaji, aliambiwa akasema "nani atakamua?" akakataa.

Kwa hiyo ni umbali na kazi. Pesa ni ya tatu.

#15 Jembe Halimtupi Mtu

"Nani atakamua." Huyo bibi ni Mchaga aliyepotelea Marekani.

#16 Binti Mlalo

Nimesoma kimyakimya mpaka hapa. Mtoa mada ametaka mfano wa mtu anayejulikana, basi mimi ni huo mfano. Niko Lushoto ndani ndani, nalima kabichi na karoti za mteremko, ng'ombe mmoja.

Nilitengenezewa kwa nyama ya tumbo wakati uleule wa kukatwa, hospitali kubwa, walikuwepo madaktari wageni pamoja na wetu. Nilibahatika tu, nilifika wakati wapo. Sikulipia ile sehemu.

Mabaya kwanza. Tumbo lilichukua muda mrefu kuliko kifua. Nilizuiwa kunyanyua chochote kizito kwa miezi, maana waliogopa ngiri, ukuta wa tumbo ukiwa umepunguzwa nguvu. Kijijini kwetu maji yako chini, unapanda nayo. Waliochota ni mawifi zangu, kwa zamu, bila kusema neno. Wangekuwa mawifi wa aina nyingine ningepasuka siku ya kwanza. Halafu titi lenyewe halina hisia. Daktari alisema, sikumwelewa mpaka siku nimeinama kugeuza ugali wa watu wengi msibani, naona tu watu wananitolea macho: sufuria imeniunguza kupitia blauzi, malengelenge yametoka, na mimi sijahisi kitu. Siku hizi sipiki msibani, nakata mboga.

Mazuri: navaa blauzi yoyote. Naoga mtoni na wenzangu. Wenzangu ambao hawakutengenezewa huoga peke yao au hawaendi kabisa, na ukumbuke mtoni ndiko kuna habari zote za kijiji. Ningerudia? Ningerudia.

#17 Mngoni wa Mbinga

@Binti Mlalo asante sana dada. Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta, ingawa inanipinga. Ila naona kama umethibitisha nusu ya dai langu: ulibebwa na mawifi.

#18 Binti Mlalo

Kukatwa kwenyewe ningebebwa na nani? Hata asiyetengenezewa hachoti maji wiki zile. Tofauti ni urefu wa muda tu.

#19 Shangazi wa Muheza

Jamani mie nina mfano wa upande wa pili. Mdogo wangu, mumewe yuko Maskati, akampeleka India, akawekwa silikoni. Alirudi kapendeza, wallahi hujui lipi ni lipi. Kisha ikaonekana ahitaji mionzi, akapigwa. Mwaka wa tatu lile titi likawa gumu kama embe bichi, limepanda juu, linamuuma akilala ubavu. Hospitali ya kwanza aliyokwenda kijana wa zamu akamwambia "mama, saratani imerudi." Tulilia nyumba nzima! Kumbe wala. Kufika kwa bingwa akasema ni kovu limelibana, asemavyo dokta hapo juu. Sasa aliyeweka yuko Chennai, wa kutoa ni nani? Mume amechoka kulipa. Anaishi nalo hivyo hivyo.

Kwa hiyo mie sisemi upasuaji mbaya. Nasema usiwekewe kitu ambacho mtu wa kukiangalia yuko ng'ambo ya bahari.

#20 dr_wa_zamu

Shangazi umegusa penyewe. Silikoni si ya maisha, inahitaji kufuatiliwa, na wengine huja kubadilishiwa. Hata aina zake hutofautiana: Julai 2019 Allergan waliondoa sokoni vifuko vyao vyenye uso wa kukwaruza kwa sababu vilihusishwa na saratani adimu ya mfumo wa limfu. Mama wa kijijini aliyewekewa kama hicho nani atampigia simu?

Kwa hapa nchini jambo limeanza kubadilika, hospitali ya Mloganzila, Dar, siku hizi wana huduma za upasuaji rekebishi, lakini mabingwa bado ni wachache na wamejazana mjini.

#21 Ustadh wa Chumbageni

Naona hakuna aliyegusa upande wa dini na najua kuna mtu anasoma ananyamaza kwa hilo. Kubadili maumbile kwa kujipamba ni jambo moja, kurejesha kiungo kilichoondoka kwa maradhi ni jingine. Swahaba Arfaja alikatwa pua vitani kabla ya Uislamu, Mtume (SAW) akamruhusu aweke pua ya dhahabu. Wanazuoni wengi wanaliweka hili hapo.

#22 Shangazi wa Muheza

Allah akulipe. Mkwe wangu aje asome hapa.

#23 Mluguru Halisi

Mnazunguka. Tatizo ni wanaume. Mke akikatwa titi, mume anahamia chumba cha pili, mwaka haujaisha ana nyumba ndogo. Wanawake wanatengenezewa ili ndoa isivunjike, hayo ya sidiria ni kisingizio.

#24 Jembe Halimtupi Mtu

Siyo wote mkuu. Mke wangu alikatwa. Mimi sikuhama. Yeye ndiye aliyeanza kuzima taa ya sola kabla ya kuvua nguo, akaanza kulala na gauni lenye vifungo mpaka shingoni. Nikanyamaza nikidhani namheshimu. Yeye akaona ninanyamaza kwa sababu nimechukia. Tulikaa hivyo muda mrefu, nesi mmoja ndiye alituita wote wawili akatusema kama watoto. Hatukutengeneza titi, tulitengeneza mazungumzo.

Ila ninachotaka kusema ni kingine kabisa, na nashangaa hamjakitaja. Mkono! Mke wangu titi amelisahau. Kinachomtesa ni mkono uliovimba. Ukilima nusu ekari jioni mkono ni mzito, pete haivuki, kikwapani kunavuta. Akijikata na nyasi kidogo tu, homa. Huo ndio uliomtoa shambani. Hata angerudishiwa matiti mawili, mkono ungebaki vilevile.

#25 dr_wa_zamu

Hii ndiyo posti ya uzi huu.

Mkono unavimba kwa sababu ya tezi za kwapani zilizotolewa, na mionzi ikipita pale inazidisha. Maji ya limfu yanakosa njia. Zamani tuliwaambia wasibebe kitu kabisa maisha yao yote. Siku hizi tunajua kazi na mazoezi yanayoongezwa polepole hayadhuru, yanafaa. Polepole, lakini. Kukaa miezi bila kazi halafu kuingia palizi ya wiki nzima ndiko kunakoharibu. Mkono ule usipimwe presha, usichomwe sindano kama kuna mwingine, avae glovu au soksi mkononi akipalilia, na mchubuko usafishwe siku hiyohiyo. Ukiwa mwekundu na wa moto, ni antibiotiki, siyo majani.

@Mngoni wa Mbinga mkono wa dada ukoje?

#26 Mngoni wa Mbinga

Unavimba kiasi. Alifikiri ni kawaida.

#27 dr_wa_zamu

Basi hilo lishughulikiwe kabla ya yote.

#28 Kaunda Suti

Sasa si ndiyo nilivyosema? Titi siyo tatizo.

#29 Binti Mlalo

Hukusema hivyo. Ulisema tunaiga.

#30 Mbeba Boksi

Kuna dodoso linaloitwa BREAST-Q, lilitoka mwaka 2009, linatumika dunia nzima kupima maisha baada ya upasuaji huu. Mgonjwa anajibu mwenyewe: umeridhika na matiti, unajisikiaje mbele za watu, mambo ya kitandani, maumivu ya kifua, anapewa alama 0 mpaka 100. Ukitazama uzi huu, nusu ya yaliyosemwa yanaingia humo: mtoni, harusini, taa ya sola. Nusu nyingine haimo vizuri: ndoo, palizi, nani atakamua, mawifi.

#31 Mzee wa Maktaba

Swali la ndoo likiwekwa, nalo liulizwe kwa wanaume: "Mkeo alipokatwa, ulichota mara ngapi?"

#32 Mluguru Halisi

Mzee usituchome mbele za watoto 😅

#33 Nesi Mstaafu

Habari wanangu. Nimefanya wodi ya upasuaji miaka mingi kanda ya ziwa. Mmesema pesa, umbali, jembe, mume, mkono. Ongezeni moja: hawaulizwi. Mama wa mjini aliyevaa vizuri daktari anamweleza chaguo zote. Mama aliyekuja na kanga mbili na ndoo ya chakula anaambiwa "mama, tutalitoa, weka dole gumba hapa." Nimeyaona hayo kwa macho. Tunaamua kwa niaba yake kwamba titi halimhusu kwa kuwa ni mtu wa shamba. Mama mmoja wa Ukerewe, mtu mzima wa wajukuu, usiku baada ya upasuaji akaniuliza kwa sauti ya chini kama yale ya bandia yapo, akaomba nisimwambie mwanawe. Tulikuwa hatujamfikiria kabisa.

Na dada wa mtoa mada ana bahati moja: ameulizwa.

#34 Kichwa Maji

Swali la kijinga labda. Kwa nini wanakata titi zima? Si watoe uvimbe tu?

#35 dr_wa_zamu

Si la kijinga hata kidogo. Mwaka 1985 Bernard Fisher na wenzake Marekani walionyesha kuwa kutoa uvimbe tu na kupiga mionzi kunaokoa maisha sawa na kukata titi lote, na walipowafuatilia wagonjwa miaka 20 matokeo hayakubadilika. Masharti ni mawili: uje mapema uvimbe ukiwa mdogo, na mionzi ipatikane. Wengi wetu wanafika hatua ya tatu na ya nne. Na mionzi kwa mtu wa kusini ni safari ya hospitali ya saratani ya Ocean Road na kutafuta pa kulala Dar wiki kadhaa, labda uwe kanda ya ziwa uende hospitali ya Bugando, Mwanza. Daktari wa mkoani anajua mgonjwa akiondoka huenda asiende. Anakata lote ili alale usingizi.

#36 Wa Gachie

Kwa hivyo bado ni pesa.

#37 Mbeba Boksi

Umbali!

#38 Nesi Mstaafu

😄 Haya.

#39 Kaunda Suti

Na CHF, ile bima ya afya ya jamii, je? Si watu walikuwa wanalipa 30,000 kaya nzima?

#40 Mngoni wa Mbinga

CHF iliyoboreshwa mwisho wake ulikuwa hospitali ya rufaa ya mkoa, mkuu. Haya mambo yako juu ya hapo. Mionzi tulichangishana ukoo, tukauza na mbuzi.

Nimeongea na dada jana, nimemsomea posti karibu zote, ya ulezi kaomba nimsomee mara mbili. Anasema amemwelewa Binti Mlalo wa mtoni kuliko wote. Kuhusu jembe anasema jembe anaweza kumwachia shemeji. Asichoweza kumwachia ni kuchuma kahawa, kwa kuwa anachagua zilizoiva tu na shemeji anakwanyua tawi zima. Sasa anauliza: kuchuma kunahitaji huo msuli? Ni kuinua mikono kuvuta tawi, kutwa nzima, na kikapu kiunoni.

Na jingine ni lini. Kahawa yetu inaanza Mei mpaka Septemba huko. Mvua zikianza Novemba, Desemba, ni mahindi. Palizi Januari. Dokta ukisema "apumzike miezi kadhaa", niambie ni ipi.

#41 dr_wa_zamu

Kuvuta tawi kuja chini kunautumia, ndiyo, ila siyo kwa nguvu ya jembe. Kinachoweza kumsumbua zaidi ni bega kukaza ikiwa hakufanya mazoezi ya kuinua mkono tangu alipokatwa. Mwambie asimame ukutani, atambaze vidole kupanda juu. Akifika usawa wa mkono wa kulia tuongee. Asipofika, aanze na hilo.

Lini? Kalenda yako kwa kweli haina mwanya. Kwa haraka ningesema mwishoni mwa kahawa, mwanzoni mwa Oktoba, na mahindi ya mwaka huo apalilie mtu mwingine.

#42 Jembe Halimtupi Mtu

Mtu mwingine = shemeji.

#43 Mluguru Halisi

Shemeji aliyesema hajalalamika 😂 sasa atalalamika.

#44 Kaunda Suti

Nje ya mada: kahawa huko mnadani imefikia bei gani kilo? Nasikia imepanda sana.

#45 Mngoni wa Mbinga

Fungua uzi wako kule jukwaa la kilimo mkuu, nitakuja.

#46 Fundi Cherehani

Nimechelewa kuuona uzi. Nashona sidiria zenye mfuko wa ndani kwa kina mama waliokatwa, nimejifunza kwa sababu ya shangazi. Siri haiko kwenye mfuko, iko kwenye mkanda wa chini: uwe mpana vidole vitatu, usiwe wa lastiki nyembamba, na kamba ya bega la upande uliokatwa iwe pana pia, isikate pale panapovimba. Ndani tumieni pamba laini, mshono usikae juu ya kovu. Kujazia, ulezi ni mzuri kwa uzito lakini uukaange kwanza ufe, Mama Kishumundu! Wengine wanatumia punje za plastiki zile za kujazia mito.

#47 Mama Kishumundu

Kukaanga! Na mimi ninavyojiona mjanja. Naomba vipimo unavyotaka.

#48 Fundi Cherehani

Mzunguko wa kifua chini ya ziwa, mzunguko juu ya ziwa lililobaki, na kutoka begani mpaka chini ya ziwa. Njoo PM.

#49 Mngoni wa Mbinga

Na ya dada nitumie pia, fundi. Hata akienda Oktoba, mpaka hapo kuna msimu mzima wa kuchuma. Mzigo ukiuweka basi la Songea nitaupokea stendi, la Mbinga moja kwa moja huwa linajaa.

#50 Fundi Cherehani

Songea sawa. Rangi?

#51 Mngoni wa Mbinga

Ngoja nimuulize.